Farasi wake hatoki: kutafuta ugonjwa kwenye askari wako wa sataranji

Mtu akishafungwa kwenye sataranji hulaumu kete kubwa. "Malkia wangu alizubaa." "Ngome zangu hazikupata njia." Mimi huwa nacheza jioni kwenye kijiwe kimoja cha Mwanjelwa, Mbeya, juu ya ubao uleule ambao mchana ni wa drafti, na kwa muda mrefu mlalamikaji mkuu pale nilikuwa mimi. Siku hizi nikifungwa naanzia chini, kwa wale wadogo wanane wa mbele. Mara nyingi nagundua kosa lilishafanyika hatua kumi au kumi na tano kabla ya lile lililoniuma, na lilifanywa na askari aliyesogezwa haraka huku mwenyewe naangalia simu.

Shida ya askari ni kwamba harudi nyuma. Farasi akienda pabaya unamrudisha, umepoteza muda tu. Askari akitoka g2 kwenda g4, nyumba za f3 na h3 alizokuwa anazilinda ndiyo kazitelekeza, hata ukijuta namna gani. (Nyumba ni kisanduku kimoja cha ubao. Safu za kusimama nazitaja kwa herufi a mpaka h, mistari ya kulala kwa namba 1 mpaka 8. Ukiona "1. e4 c5", 1 ni hatua ya kwanza, e4 ni ya weupe, c5 ni jibu la weusi; nyumba ikitajwa peke yake bila jina la kete, anayesogea ni askari.)

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko, siyo kwa majina ya kitaalamu. Tafuta linalokuuma, kisha soma chanzo chake.

Kabla ya yote: ng'oa kete kubwa

Mchezo ukishaisha, rudisha ubao kwenye ile hali uliyoanza kubanwa. Halafu ondoa kwa mkono malkia, ngome, maaskofu na farasi wote. Baki na wafalme na askari. Usifanye kichwani, ng'oa kweli, macho yana kawaida ya kumfuata malkia.

Sasa jiulize. Yupi hana jirani kushoto wala kulia? Yupi amebaki nyuma, wenzake wameshapanda na yeye akisogea analiwa? Wapi wawili wamepangana kwenye safu moja? Hao wa mwisho kijiweni tunawaita mshikaki, kama abiria wa bodaboda. Na la mwisho, ambalo watu hulisahau: ni nyumba ipi mbele yako ambayo hakuna askari wako anayeweza tena kuilenga mpaka mwisho wa mchezo? Hilo ni shimo.

Ukishapata majibu usianze kulia. Ukienda Mafinga utaona uzio wa mabanzi umekatika upande wa korongo na mwenye shamba hana habari, maana mbuzi hawapiti huko. Banzi likitoka upande wa njia, kesho hana mchicha. Askari dhaifu ni hivyohivyo: swali ni kama kuna kete ya mpinzani yenye njia ya kumfikia.

"Farasi wake amekaa katikati, simwondoi"

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Farasi katikati ya ubao analenga nyumba nane. Dawa yake ya kawaida ni kumsukumia askari, akimbie. Kama huna askari wa kumsukumia, amepata makazi ya kudumu.

Tazama linavyotokea. 1. e4 c5. 2. Farasi f3, farasi c6. 3. d4, askari wa c anamla d4. 4. Farasi anamla d4, farasi f6. 5. Farasi c3, na weusi wanasukuma e5. Sasa iangalie d5. Askari mweusi wa c hayupo, aliliwa. Wa e ameshapita, yuko e5. Hao wawili tu ndio wangeweza kuilenga d5. Weupe watapanga kete zao kuelekea pale, na askari wa weusi atakayekaa d6 atabaki nyuma na safu nzima ya d ikimwangalia.

Kama ulifanya hivyo bila kujua, hicho ndicho chanzo cha maumivu yako. Ila kuna wanaofanya makusudi. Magnus Carlsen alicheza mfumo huu huu kwenye mechi ya ubingwa wa dunia dhidi ya Fabiano Caruana, London, 2018. Anakubali shimo, na kwa malipo yake farasi mweupe wa d4 anafukuzwa, kete zake zinatoka haraka, na baadaye atasukuma f5. Anajua bei aliyolipa. Wengi wetu tunalipa bila kupokea bidhaa.

Cha kufanya ukiwa na shimo: ondoa kete zinazoweza kukaa ndani yake. Shimo la d5 ambalo weupe hawana tena farasi wala askofu wa kulikalia ni shimo tupu. Pili, angalia kama unaweza kumsogeza yule aliyebaki nyuma, d6 kwenda d5, ukiwa umemwandalia walinzi wa kutosha. Ukifaulu, ugonjwa umepona wote kwa hatua moja. Hesabu kwanza wanaoilenga d5 upande wako na upande wake. Ukiwa pungufu, subiri.

Na kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: kila unapotaka kusukuma askari hatua mbili, tazama nyumba mbili anazoacha kulinda, siyo zile anazokwenda kulenga tu.

"Kete zangu zote zinamlinda askari mmoja"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopigwa vibaya.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya ambayo unacheza huku umeficha mkono mmoja kwapani. Nilikuwa na weupe. Nilifungua kwa d4 na c4, katikati tukalana, nikabaki na askari d4 peke yake: wa c hayupo, wa e hayupo. Seti yetu ilishapoteza askari mmoja mweupe siku nyingi, nafasi yake tunaweka kizibo cha soda. Siku hiyo kizibo ndicho kilichokaa d4.

Mpinzani wangu alikuwa mzee anayeleta viazi kutoka Uporoto. Akaanza kubadilishana. Farasi kwa farasi. Askofu kwa askofu. Mimi nikawa nafurahi, najiambia kila kete inayotoka inapunguza hatari.

"Mzee, leo unaogopa," nikamwambia.

"Tubadilishane tu, mwanangu," akasema. "Sisi watu wa soko."

Zilipobaki ngome na malkia peke yake, ndipo nikaelewa. Ngome yake moja ilikaa d5, pua kwa pua na kizibo, nyingine nyuma yake d8. Mimi malkia wangu d2, ngome d1, wote wamejipanga nyuma ya kile kizibo kama ndugu waliomzunguka mgonjwa. Hakuna aliyeweza kuondoka. Kisha mzee akasogeza askari wake kutoka e6 kwenda e5, taratibu, kwa kidole kimoja. Kizibo kikimla, kinatoka safu ya d, na malkia wangu anabaki uso kwa uso na ngome. Kisipomla, kinaliwa. Nikakitazama kama dakika tatu. Hakikubadilika.

Kwa muda niliamini kosa langu lilikuwa kupata askari mpweke. Siyo. Askari mpweke wa d4 ana faida zake: anazilinda c5 na e5, na farasi wako akikaa e5 anasumbua. Safu za c na e ziko wazi kwa ngome zako. Askofu anaweza kukaa c2, malkia d3, wote wawili wanaitazama h7. Na siku yoyote kizibo kinaweza kusogea d5 na kuvunja ubao mzima. Faida hizo zote zinahitaji kete nyingi ubaoni. Kosa langu lilikuwa kukubali kila mabadilishano. Kadiri kete zinavyotoka, shambulizi linakufa na mgonjwa anabaki.

Mzee alikuwa anafanya kitu ambacho Anatoly Karpov alikifanya mwaka 1981, kwenye mchezo wa 9 wa mechi ya ubingwa wa dunia kule Merano, Italia. Karpov alikuwa na weusi, Viktor Korchnoi ndiye mwenye askari mpweke d4. Mapema kabisa, hatua ya 11, Karpov alimpeleka farasi wake pembeni h5, sehemu ambayo ukiiona unadhani amelewa, kumbe anataka tu kubadilishana maaskofu wa nyumba nyeusi. Kufikia hatua ya 27 hakukuwa na farasi wala askofu ubaoni. Hatua ya 30 Korchnoi akasukuma f4 ili kuzuia ile e5 inayoua. Kwa kufanya hivyo akamfungulia mlango mfalme wake. Hatua ya 35 Karpov akasukuma e5 vilevile, na hatua ya 43 yakaisha, malkia mweusi akimtishia mfalme kwa mbali kutoka d5. Yaani hata huyo askari dhaifu hakuliwa kwanza. Aliyekufa ni mfalme, kwa sababu ya hatua iliyofanywa kumlinda askari.

Tiba basi, ukiwa ndiye mwenye mpweke: kataa mabadilishano ya farasi na maaskofu kadiri unavyoweza, weka farasi e5, na hesabu kila hatua kama d5 inawezekana. Ukiwa upande wa pili: weka kete d5, farasi ndiye bora, kisha badilisha, badilisha, badilisha. Malkia na ngome bakiza.

"Askofu wangu amekaa tu kama mlinzi wa getini"

Kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, alinionyesha mchezo wake kwenye simu. "Kaka, huyu askofu nimemkosea nini?" Mchezo ulikuwa hatua ya 25 na askofu wake wa c8 hajawahi kutoka.

Alianza e6, halafu d5, mpinzani akampitishia e5. Sasa e6 na d5 ni nyumba nyeupe, na askofu wa c8 naye ni wa nyumba nyeupe. Amemjengea ukuta kwa mikono yake. Tatizo halikuwa askofu.

Mnyororo wa askari, yaani wanaolindana kwa mshazari, hushambuliwa kwenye mzizi. Weupe wana e5 inayolindwa na d4, na d4 ndiyo mzizi. Hivyo weusi wasukume c5 mapema, hatua ya 3 kabisa, siyo ya 20. Wakishaibana d4 wanaweza pia kukigonga kichwa kwa f6. Askofu mwenyewe anaweza kutoka kwa b6 halafu a6 akabadilishane na mwenzake wa upande wa pili. Ukiona kazi hiyo ni kubwa, anza kwa c6 badala ya e6: 1. e4 c6. 2. d4 d5. 3. e5, askofu anatoka f5 kwanza, kisha ndipo unafunga kwa e6. Kijana aliniuliza mbona sikumwambia mapema.

"Tulikuwa sawa kabisa, mwisho nikafungwa"

Askari sawa, kete sawa, na bado umefungwa. Tafuta mshikaki.

1. e4 e5. 2. Farasi f3, farasi c6. 3. Askofu b5, a6. 4. Askofu anamla farasi c6, askari wa d anarudisha. Wanaoanza hapa humla e5 kwa farasi wakidhani ni ya bure. Malkia mweusi anakuja d4, analenga farasi na e4 kwa pamoja, askari anarudi kwa mwenyewe. Mchezaji mzoefu anasukuma d4 badala yake, wanalana, malkia nao wanatoka.

Sasa ng'oa kete zote, hesabu. Upande wa mfalme weupe wana wanne, e, f, g, h, dhidi ya watatu. Upande wa malkia weusi wana wanne dhidi ya watatu. Inaonekana sawa. Lakini wale wanne wa weusi wawili wamepandana safu ya c, na watatu wa weupe wakikaa vizuri wanawazuia wote wanne wasimpenyeze hata mmoja. Wanne wa weupe watampenyeza wao, na atakayepenya atakuwa malkia. Yakibaki hayo tu ubaoni, weupe kwa kawaida wanashinda.

Mbona basi weusi hukubali? Kwa sababu wamebaki na maaskofu wawili, na hao kwenye ubao ulio wazi wana nguvu. Umeshaona ushauri unaelekea wapi: ni ugonjwa uleule wa kubadilishana. Ukiwa na mshikaki, shika maaskofu wako na usikimbilie mwisho wa mchezo. Ukipata nafasi ya kumsogeza yule wa mbele aliwe na mwenzake ale, chukua.

"Nina askari wengi upande ule, lakini ndio nashambuliwa huko"

Hii inawashangaza watu. Kwenye mifumo ya d4 na c4 ambako askari wa c mweupe amelana na wa e mweusi pale d5, weusi wanabaki na a7, b7, c6 dhidi ya a na b tu. Weupe wanasukuma b4, b5, wawili wanawafuata watatu. Wakilana pale c6, weusi wanabaki na askari wa c6 aliyebaki nyuma kwenye safu ambayo ngome nyeupe zimeshaikalia. Usingoje hayo yatokee. Peleka farasi e4, anza kwa mfalme wake. Au sukuma b5 wewe mwenyewe kabla yake, kama farasi wako anaweza kufika c4 kuziba.

"Wawili wangu wa katikati walikuwa wazuri, ghafla wakawa mzigo"

Ni c5 na d5 wamesimama bega kwa bega, pembeni hawana mtu. Wakiwa pamoja wanatisha. Mpinzani akimlazimisha mmoja asogee, wanakuwa hawalindani tena na shimo linabaki. Mchezo wa 6 wa mechi ya ubingwa wa dunia, Reykjavik, 1972: Bobby Fischer, mwenye weupe, alisukuma e4, Boris Spassky akajibu d4, na nyumba ya c4 ikawa ya askofu wa Fischer. Baada ya hapo f5 ikabomoa kwa mfalme. Wenye wawili kama hao wasukume kwa ratiba yao, siyo ya mpinzani.

"Mfalme wangu alishambuliwa, sijui hata walipitia wapi"

Walipitia ulipofungua. Wengi husukuma h3 na g4 "kwa usalama". Kosa jingine la kimyakimya: unasukuma g6, askofu g7, mfalme nyuma yake, vizuri. Halafu unakubali kumbadilisha yule askofu. Nyumba za f6 na h6 zinabaki bila mlinzi, malkia wake anakaa h6 na hakuna wa kumfukuza. Ukiwa na g6, askofu wa g7 ni sehemu ya ukuta. Kama ameshatoka, badilishana malkia haraka, hapa ndipo kubadilishana kunapofaa.

Dalili ambazo siyo ugonjwa

Baada ya kusoma haya utaanza kuona wagonjwa kila mahali. Pole pole. Askofu wake akimla farasi wako f3 na ukarudisha kwa askari wa g, umepata mshikaki, lakini umepata pia safu ya g iliyo wazi kwa ngome yako, kama mfalme wako yuko upande wa pili. Huo ni mkataba, siyo ajali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka St. Petersburg, 1914, Emanuel Lasker na weupe dhidi ya José Raúl Capablanca, kwenye mfumo uleule wa a6 na mshikaki nilioueleza. Hatua ya 12 Lasker alisukuma f5. Ukitumia kipimo changu cha kung'oa kete utamzomea: amemwacha askari wake wa e4 nyuma, safu ya e imefunguka kwa ngome nyeusi, na e5 imekuwa shimo zuri la farasi wa Capablanca. Hatua mbili baadaye hata ule mshikaki wa weusi ulikuwa umepona, maana walilana d6 na askari wa c akarudisha.

Lakini f5 ilikuwa imemlindia mtu nyumba. Hatua ya 16 farasi mweupe akaingia e6. Hapo alisimama katikati ya safu ya e, kati ya ngome nyeusi na yule askari wa e4 aliyebaki nyuma. Ngome ya e8 ikimtafuta askari, inamwona farasi tu. Farasi mweusi naye hakupata nafasi ya kufika e5. Hatua ya 42 Capablanca alikubali kushindwa, na askari wa e4 alikuwa hajawahi kuguswa na ngome yoyote kwa muda wote ambao farasi yule alikaa pale.